Uchambuzi wa kisa: chupa ambayo haikutikiswa

Kazi yangu ni kukaa na familia za watoto wenye kifafa, kuwaeleza, kuwasikiliza na kuwafuatilia. Kisa hiki ndo nakirudia kila nikipata nesi mgeni wa kumfundisha. Familia yenyewe imeruhusu kitumike. Majina sijaweka na vitu vidogo vinavyoweza kumtambulisha mtu nimeviondoa au kuvibadilisha, ila habari ya dawa na jinsi mambo yalivyofuatana viko vile vile.

Familia

Mtoto wa kiume, miaka 7, darasa la pili, muongeaji, mpenda mpira, hana tatizo lingine la kiafya. Anaishi na mama, bibi mzaa baba, na dada yake wa miaka 11 anaelala nae chumba kimoja. Baba anafanya kazi mbali, anarudi mara chache. Mama anatoka alfajiri watoto bado wamelala na anarudi usiku, kwa hiyo anaeshinda na mtoto, anaemlisha, anaemuogesha na kumlaza ni bibi. Hiyo sentensi ya mwisho ishike, manake sisi kliniki tuliijua tangu siku ya kwanza, iliandikwa kabisa kwenye faili, na hatukuifanyia kazi.

Ilivyoanza

Usiku mmoja dada aliamshwa na sauti kama ya mtu anaesukutua maji kooni. Akawasha taa, akamkuta mdogo wake macho wazi, mdomo umevutwa upande wa kulia, shavu linachezacheza, mate yanamtoka, anataka kuongea na maneno hayaji. Akakimbia kumuita bibi. Bibi anafika mwili mzima unatukutika, nae akafanya kile alichoamini maisha yake yote kwamba ndo kinaokoa, akachukua kijiko akakipitisha katikati ya meno ili mtoto asimeze ulimi. Jino la mbele likavunjika ncha, damu ikatoka, na ile damu ndo iliyowatisha kuliko kitu kingine chochote. Ulimi haumezeki jamani, umeshikwa chini na nyama za mdomo, kinachoweza kuingia njia ya hewa ni kipande cha jino au cha hicho kijiko.

Walipofika kutibiwa mtoto alikua ameshaamka anaongea vizuri, wakaambiwa pengine ilikua ndoto mbaya. Baada ya wiki tatu akashikwa tena, mara mbili ndani ya siku nne, zote usingizini. Ndo wakaletwa kwetu. (Nyumbani kwao wanasema "kushikwa", na mi nitatumia neno lao.)

Daktari akamuuliza mama ilianzaje. Mama akaeleza kutukutika kwa mwili mzima, yani mwisho wake, kwa sababu ndo alichosimuliwa. Daktari akauliza, nani alikuwepo mwanzo kabisa? Mama akampigia simu binti yake palepale, na yule mtoto wa miaka 11 akaeleza upande gani ulianza, macho yalikuwaje, nini kikafuata, bila kuongeza chumvi. Kuanzia upande mmoja wa uso kulionyesha kwamba chanzo ni sehemu moja ya ubongo kisha inasambaa, na kipimo cha EEG, kile cha kusoma umeme wa ubongo, alichofanyiwa akiwa amelala kikakubaliana na maneno ya dada.

Jibu likawa kifafa cha rolandiki, aina mojawapo inayoonekana sana kwa watoto. Mara nyingi kinaanza kati ya miaka 4 na 10, kinakuja zaidi usingizini, na wengi wanakua wameshapona kabla ya kufika miaka 16. Wengine hawapewi dawa kabisa, wanasubiriwa tu wakue. Kwa huyu daktari na mama walikubaliana aanze dawa kwa sababu ilikua inajirudia karibu karibu na inafika mwili mzima. Akaanza kabamazepini ya maji, dawa ya kuzuia kifafa, kidogo kidogo mpaka ikafika 5 ml asubuhi na 5 ml usiku.

Siku ya kwanza, nilichofanya mimi

Nilikaa na mama dakika kama 40. Nilimueleza kifafa ni nini, kwamba hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusana, kwamba watu karibu milioni 50 duniani wanaishi nacho na kwa makadirio ya WHO, Shirika la Afya Duniani, hadi 70% wanaweza kuishi bila kushikwa wakipata matibabu yanayofaa. Nikamueleza akishikwa alazwe ubavu, asibanwe kwa nguvu, asiwekewe kitu mdomoni, waangalie saa. Nikamueleza vipele vyenye homa au vidonda mdomoni kwenye wiki za mwanzo ni kuja mbio, na antibiotiki kama erithromaisini inapandisha kabamazepini kwenye damu kwa hiyo popote mtoto akitibiwa ataje dawa yake. Nikampa karatasi tatu. Nikamuuliza, umeelewa mama? Akasema ndiyo nimeelewa. Nikaandika kwenye faili "familia imeelimishwa".

Niliyeongea nae alikua mtu mmoja, na huyo mmoja ndo hakua anatoa dawa.

Wiki ya saba na wiki ya kumi

Wiki ya saba mama akaja na kalenda ya ukutani, ameiweka alama nyekundu kila mtoto aliposhikwa. Alama mbili ndani ya siku nane. Kipimo cha damu kikaonyesha dawa iko chini kuliko inavyotakiwa. Daktari akawaza mambo mawili, ama mwili umeizoea dawa, manake kabamazepini ina tabia hiyo, baada ya wiki chache ini linaanza kuivunja haraka na kiwango kinashuka bila mtu kukosea chochote, ama mtoto hapewi dozi zote. Akaamua asubiri kidogo kabla ya kuongeza. Mimi nikaongea na mama kuhusu kutoruka dozi, na najua nilivyoongea, niliongea kama mtu ambae ameshaamini kwamba zinarukwa. Mama akanyamaza. Alitoka hajauliza swali hata moja, na huyu ni mama ambae alikua anakuja na maswali kwenye karatasi.

Wiki ya kumi akarudi bila miadi, mtoto kabebwa mgongoni. Anapepesuka akitembea, anaona vitu viwili viwili, ametapika, analala hovyo. Damu ikapimwa tena na safari hii dawa ikawa juu sana. Dozi ile ile ambayo hakuna aliyeigusa. Wakamlaza usiku mmoja kumuangalia, daktari akapanga upya dozi za siku zile mbili, mtoto akatulia.

Hapo ndo nikaiomba ile kalenda, nikamuuliza mama kila chupa ilifunguliwa lini. Alikua anakumbuka, kwa sababu chupa moja inakwenda kama mwezi na yeye ndo anaezichukua. Tukaweka alama ya chupa kwenye kalenda ileile. Kushikwa kote kuliangukia siku za mwanzo za chupa. Kupepesuka kumekuja chupa inakaribia kuisha. Nikamuuliza, mama, nani hasa anampa dawa? Akaniangalia kama mtu anaeulizwa kitu alichokwisha kukijibu. "Bibi. Nilisema siku ya kwanza."

Bibi na chupa

Nikaomba bibi aje, na aje na chupa anayotumia pamoja na kile anachopimia. Akaja kesho yake, chupa ameifunga kwenye kitambaa. Sikumuuliza kama anajua kutoa dawa, nilimuomba anionyeshe anavyofanya, kama tuko nyumbani. Akafungua kizibo taratibu, akaiinamisha chupa kwa uangalifu wa mtu anaemimina kitu cha thamani, akajaza kijiko cha jikoni bila kumwaga tone. Mkono wake ulikua umetulia kuliko wangu. Hakuitikisa.

Nikaichukua ile chupa nikaigeuza kwenye mwanga. Chini kulikua na tope jeupe limeshikana na kioo, juu maji mepesi. Dawa ya namna hii haiyeyuki kwenye maji yake, inaelea ndani na ikikaa inazama, usipoitikisa mtoto anakunywa maji mepesi wiki za mwanzo na ile iliyozama yote anaipata mwishoni. Na kijiko cha jikoni nacho kila kimoja kina ujazo wake.

Bibi akalitazama lile tope muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, mimi niliogopa kuitikisa isije ikaharibika. Imeandikwa wapi?" Imeandikwa kwenye lebo, kwa herufi ambazo hata mimi nilizisogeza karibu na macho. Nikamwambia hukukosea bibi, hatukukuonyesha sisi. Nilimaanisha, na ilibidi alisikie mbele ya mama, kwa sababu tangu wiki ya saba ndani ya ile nyumba mama alikua anajiuliza kama mama mkwe anaruka dozi, na bibi alikua anajua kwamba anashukiwa.

Baadae mama aliniambia kitu nikakaa nacho. Zile karatasi tatu alizifikisha nyumbani, akaziweka mezani, basi. "Mimi nitaanzaje kumfundisha mama mkwe wangu kumpa mjukuu wake dawa, mtu amelea watoto na wajukuu wote wale?"

Tulichoamua na kwa nini

Dozi haikuguswa. Ilikua inatosha tangu mwanzo. Mimi kila nikikumbuka jinsi tulivyokaribia kuiongeza wiki ya saba nashukuru daktari alisubiri, manake mwisho wa chupa ile ungekua mbaya zaidi.

Chupa ikafungwa utepe mwekundu shingoni, maana yake tikisa, na ukitikisa hesabu mpaka 20. Kijiko kikaondoka, ikaja sirinji ya mdomoni yenye alama ya kalamu kwenye 5 ml, nikachora mimi na bibi akavuta dawa mbele yangu mara tatu mpaka akaweza kuivuta bila povu ndani. Mafunzo yote ya kushikwa yakarudiwa upya kwa bibi, na safari hii bila mhadhara. Dada akalala kwenye mkeka akajifanya ameshikwa, bibi akamgeuza ubavu, akamuwekea nguo iliyokunjwa chini ya kichwa, akamlegeza kola. Mara ya kwanza mkono wa bibi ulikwenda moja kwa moja mdomoni kwa dada. Mwili unakumbuka kabla ya akili. Tukarudia mpaka mkono ukaacha kwenda.

Saa nayo ilikua na habari yake. Bibi alisema ile ya kwanza ilichukua nusu saa. Dada alikua ameangalia saa ya ukutani, dakika mbili na kidogo. Wote wawili walikua wakweli, hofu ndo inarefusha. Kwa hiyo tukaweka sheria moja ya saa, akianza tu kushikwa mtu mzima anataja dakika kwa sauti, na zikifika 5 haijaacha ndo inatumika midazolamu, dawa ya dharura ya kukata degedege, ya kuweka shavuni waliyopewa na msaada unaitwa palepale, hata kama inaonekana kama inataka kuacha. Tano kwa sababu degedege iliyopita hapo mara nyingi haiachi yenyewe kirahisi, na ikiendelea mpaka nusu saa hatari ya kuumiza ubongo inakua kubwa. Akishikwa tena kabla hajazinduka, au akipumua vibaya baada ya kuacha, hapo hakuna kusubiri dakika.

Shuleni haikua kazi kubwa. Mwalimu wake alikuja mwenyewe, akachukua nakala ya ule mpango wa ukurasa mmoja tulioandika wa nini kifanyike akishikwa, akauliza kuhusu mpira (acheze), kupanda juu ya vitu virefu (asipande peke yake) na kuogelea (mtu mzima awe anamuangalia yeye tu, si kundi zima). Nyumbani pia mlango wa bafu usifungwe kwa ndani.

Mtoto mwenyewe

Wiki kumi nzima hakuna aliyemuuliza kitu. Tuliongea juu yake akiwa amekaa hapo anachorachora.

Tatizo alilotuletea mama lilikua kwamba mtoto hataki kulala, anatafuta kila sababu, maji, choo, hadithi nyingine. Na kukosa usingizi ni moja ya vitu vinavyochochea kushikwa, kwa hiyo ilikua inamzungusha. Nikakaa nae chini sakafuni nikamuuliza inakuwaje ikianza. Akasema mdomo unakua si wake. Halafu akasema, bila kuinua macho kwenye karatasi yake, "Nawasikia." Unawasikia nini? "Bibi alisema nakufa."

Kwa aina hii ya kifafa, wakati ni uso tu unaoshikwa na kabla haijasambaa, watoto wengi wanakua na fahamu zao, wanasikia, hawawezi tu kujibu. Tulikua tunalijua hilo kitabuni. Hakuna kati yetu aliyewahi kuiambia familia kwamba mnachosema juu ya kichwa cha mtoto kinaingia.

Nikamueleza kwamba ubongo unaongea kwa umeme, mamilioni ya sehemu ndogo zinapokezana zamu, na usiku sehemu inayoshughulika na mdomo wake saa zingine inapiga kelele yote kwa pamoja badala ya kusubiri zamu, kisha inachoka inanyamaza. Akauliza, nitakufa? Nikamwambia huku kushikwa kwako kunakuja na kunaondoka, na kuna watu wanajua cha kufanya. Nikamuuliza, ungependa wakuambie nini wakati mdomo si wako? Akafikiria. Akasema waniite jina langu na waseme inaisha sasa hivi. Hilo likaandikwa kwenye mpango, mstari wa kwanza kabisa, juu ya mambo ya ubavu na saa.

Matokeo

Wiki ya pili baada ya sirinji na kutikisa alishikwa mara moja, uso tu, chini ya dakika. Bibi akamgeuza, akataja jina lake. Tangu hapo miezi 11 kalenda haina alama. Kiwango cha dawa kwenye damu kimekaa sawa mara zote mbili kilipopimwa. Analala. Tumeshaanza kuongea na mama kwamba akitimiza kama miaka miwili bila kushikwa daktari atajadiliana nao kuhusu kupunguza dawa polepole, na kwamba hakuna mtu anaesimamisha kwa ghafla nyumbani hata kama mtoto anaonekana amepona kabisa.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kalenda ya mama. Angekuja na maneno tu, "bado anashikwa", tungeongeza dozi. Tarehe ndo zilizoongea, na ziliongea zaidi zilipowekwa pembeni ya tarehe za chupa, kwa hiyo sahivi familia zote naziomba ziandike vyote viwili, na mabadiliko mengine pia kama homa, usiku wa kukosa usingizi, dawa mpya.

Kumuomba bibi aonyeshe badala ya kumuuliza. Ningemuuliza "unaipima vizuri?" angesema ndiyo, na angekua anasema kweli kwa anavyojua yeye. Watu wengi tunaowaelimisha wanatuheshimu mno kiasi kwamba hawawezi kutuambia hawajaelewa, wanatuonea huruma na foleni yetu pia. Mikono haina hiyo adabu.

Na kumtoa lawama bibi mbele ya mkwe wake. Sidhani kama angekubali kufundishwa lolote angekua bado anajitetea.

Kilichoshindwa

Wiki ya saba nishaeleza. Tulipokua na maelezo mawili, mwili kuzoea dawa au dozi kurukwa, tulisahau kwamba dozi inaweza kutolewa kila siku, kwa uaminifu wote, na isimfikie mtoto.

Lakini kosa ninaloliona kubwa zaidi linamhusu dada, na hili hatukuliona mpaka miezi mitano imepita. Tulimsifia sana. Yeye ndo shahidi, yeye ndo aliyeangalia saa, daktari alimwambia kwenye simu kwamba ameokoa muda mwingi. Kwenye mazoezi alikua mstari wa mbele. Mwezi wa tano mama akataja kama kitu cha pembeni kwamba mwalimu wa binti anamlalamikia anasinzia darasani. Tukamuita, tukakaa nae peke yake, ikatoka. Alikua halali mpaka asikie mdogo wake anapumua vizuri, na akisinzia anajiamsha. Miezi mitano. Mtoto wa miaka 11 alikua amejipa zamu ya usiku kwa sababu watu wazima wote walimuonyesha kwamba anaiweza.

Hapo ndo mama nae akasema swali ambalo hakuwahi kulileta kwenye karatasi zake, anaweza kufa usingizini? Tukamjibu bila kuzunguka. Kifo cha ghafla kwa mtoto mwenye kifafa kipo na ni nadra, mwongozo wa 2017 wa American Academy of Neurology, chama cha madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu cha Marekani, unakadiria mtoto mmoja kati ya 4,500 kwa mwaka, na kinachopunguza hatari zaidi ni kudhibiti kule kushikwa kwa mwili mzima, yani dawa kumfikia kila siku kama inavyomfikia sasa. Mama alilia, kisha akasema bora amejua, alikua anawaza kubwa zaidi ya hilo. Ningemwambia siku ya kwanza, pengine binti yake asingekua anabeba jibu la swali hilo usiku peke yake.

Bibi akahamia chumba cha mjukuu, dada akahamia kwa mama. Tukamwambia kazi yake ni kuita mtu mzima kama yuko karibu, na kulala. Ilimchukua wiki kadhaa kuamini.

Jambo moja halijakaa bado. Baba hajawahi kuja, na akiwa nyumbani mtoto anaambiwa asitaje kifafa mbele ya wageni. Mtoto ameanza kuuliza kwa nini. Miadi ijayo baba amesema atapiga simu ya video, na tumepanga kwamba mimi sitaongea sana. Bibi ndo atamuonyesha mwanae, kuanzia kwenye utepe mwekundu.